Babu wa Nebraska na babu wa Isimani

Kila tunapokutana Watanzania wa huku Nebraska, Marekani, iwe kwenye msiba au ubarikio, kuna hoja haikosi kutajwa mezani: wenzetu Wamarekani wameendelea kwa sababu mababu zao walikuwa wachapakazi waliojitegemea, sisi tumebaki nyuma kwa sababu wa kwetu walikaa kuisubiri serikali. Safari hii nimeamua kuijibu kwa maandishi. Naishi katikati ya mashamba ya wajukuu wa hao wachapakazi, na mimi mwenyewe ni mjukuu wa mtu aliyefyeka pori kwa mikono yake.

Uchapakazi wao ni wa kweli, sibishi. Hapa mjini Lincoln nasali kanisa moja na mzee mmoja mkulima ambaye babu mzaa babu yake alikuja kutoka Bohemia, Ulaya ya kati, miaka ya 1870. Mzee huyo ana nakala za karatasi ambazo babu huyo alizijaza alipokwenda ofisi ya ardhi kuthibitisha shamba lake. Jumapili moja baada ya ibada alinitandazia mezani. Nyumba ya udongo, futi 14 kwa 16, mlango mmoja, madirisha mawili. Kisima. Ekari zilizolimwa na mazao yaliyopandwa, mwaka baada ya mwaka. Halafu majina ya majirani wawili walioapa kwamba kweli mtu huyu anaishi hapa na analima hapa.

Nyumba hiyo ya udongo haifanani na zetu. Uwanda ule haukuwa na miti ya kujengea, kwa hiyo walipasua ardhi kwa plau la maksai, udongo ukatoka na mizizi yake ya nyasi imeshikamana, wakaukata vipande na kuvipanga hadi ukapatikana ukuta mnene. Paa nalo lilikuwa la nyasi na udongo huohuo. Mvua kubwa ikinyesha, matope yaliendelea kudondoka ndani hata baada ya anga kutakata, na mara nyingine nyoka walishuka kutoka darini. Kuni hazikuwepo, wakapikia mavi makavu ya nyati na ng'ombe, au magunzi ya mahindi. Mwaka 1874 nzige walitua wakafagia mashamba ya Nebraska na Kansas, wakatafuna mpaka mipini ya majembe kwa sababu ya chumvi ya jasho. Tarehe 12 Januari 1888 dhoruba ya theluji ilipiga ghafla, siku iliyokuwa imeanza na ujoto mzuri, ikawakuta watoto shuleni na wengine njiani. Wengi waliganda wakafa. Wenyeji wa hapa bado wanaizungumza.

Nilipomaliza kusoma nilimwambia mzee yule, babu yako na babu yangu wangekutana wangeelewana vizuri sana. Akaniuliza, kwani wako alilima wapi?

Babu yangu alitoka Ubena miaka ya 1950 akaenda Isimani, kaskazini mwa Iringa. Wanaoifahamu Isimani ya leo, yenye ukame na vumbi, wataona ajabu, lakini wakati ule watu walikuwa wanakimbilia kule kutafuta ardhi mpya. Pori lilikuwa la migunga na mibuyu, udongo wake haujaguswa, na mahindi yaliyotoka Isimani yalipakiwa kwenye malori yakalisha miji. Babu alikwenda na shoka, jembe la mkono na bibi yangu. Waliangusha miti, wakachoma visiki, wakalala kwenye kibanda cha fito wakilinda mahindi dhidi ya nguruwe pori. Kazi ikizidi, walialika watu waje kulima kwa pamoja, pombe ya mtama ikiwasubiri jioni. (Na hata huku walowezi walikuwa wakikusanyika hivyohivyo kumjengea mwenzao ghala au kupura ngano. Wanaodai kwamba mzungu alifanikiwa kwa kujitenga hawajui alivyoishi.)

Basi kama jasho ni lilelile, tofauti ilitoka wapi?

Tazama mwaka 1862. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinawaka, lakini kati ya katikati ya Mei na mwanzo wa Julai serikali ya Rais Abraham Lincoln ilianzisha idara ya kilimo, ikapitisha sheria ya kugawa mashamba kwa walowezi, ikatoa ardhi na mikopo ya kujengea reli ya kwenda Pasifiki, na ikatenga ardhi ya kugharimia vyuo vya kilimo. Chuo Kikuu cha Nebraska, kilichoanzishwa mwaka 1869, ni tunda la sheria hiyo ya mwisho. Kwa ada isiyozidi dola 18 hivi, mlowezi alipata ekari 160, mradi aishi hapo miaka 5, ajenge na alime. Hakuhitaji hata kuwa raia tayari. Ilitosha kutangaza kwamba anataka kuwa raia. Mwanamke mjane au asiye na mume aliruhusiwa kuomba kwa jina lake mwenyewe. Kwa njia hiyo zaidi ya familia milioni 1.6 zilipata hati, na ekari zilizotolewa zilifika milioni 270, karibu sehemu moja ya kumi ya Marekani nzima.

Huyo ndiye mtu anayesifiwa kwamba hakuisubiri serikali! Serikali ilimtangulia ikampimia shamba, ikamletea reli ya kusafirishia ngano, ikamfungulia chuo cha wanawe, na kubwa kuliko yote, ikamwandikia hati. Kwa hati ile alikopa benki. Mwaka wa nzige au ukame alikuwa na kitu cha kuweka rehani, ingawa wapo waliopoteza shamba kwa rehani hiyohiyo. Na wapo wengi walioshindwa kumaliza miaka 5 wakarudi walikotoka.

Na ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe. Hili huwa halitajwi kabisa kwenye mazungumzo yetu, na linaniuma, kwa sababu sisi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona. Wapawnee na Waotoe, makabila ya wenyeji wa asili, waliishi hapa Nebraska na waliondolewa wakapelekwa Oklahoma. Waponca waliswagwa kwa nguvu mwaka 1877. Huko walikopelekwa mtoto wa chifu wao, Standing Bear, alifariki, na baba akaubeba mwili wake katikati ya majira ya baridi kuja kuuzika kwenye ardhi ya mababu kando ya mto Niobrara. Alikamatwa njiani. Kesi yake ilisikilizwa Omaha mwaka 1879, na ilibidi jaji atamke mahakamani kwamba mtu huyu ni mtu mbele ya sheria. Mtu yeyote aliyewahi kusafirisha maiti kwenda kuizika nyumbani, na sisi wa huku tumechangia safari kama hizo mara nyingi, anajua chifu yule alikuwa anafanya nini.

Watu weusi nao walipata sehemu yao, ndogo, kwa taabu kubwa. Mwaka 1877 waliotoka utumwani walianzisha mji wa Nicodemus kule Kansas. Robert Anderson, aliyezaliwa mtumwa Kentucky, alipoteza shamba lake la kwanza hapa Nebraska, akaanza upya magharibi zaidi hadi akamiliki zaidi ya ekari 2,000. Naye pia alikuwa na hati.

Babu yangu hakuandikiwa kitu. Ukoloni haukumtambua kama mwenye ardhi, na uhuru ulipokuja ukamkuta na shamba linalojulikana kwa mibuyu na kwa vinywa vya majirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ujamaa ulifika Isimani kwa moto wake. Wakubwa wenzangu mnakumbuka: siku ya Krismasi mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa, Dkt. Klerruu, aliuawa kule na mkulima Said Mwamwindi, naye Mwamwindi akanyongwa. Babu alihamishiwa kijijini kama wengine, na shamba aliloling'oa visiki likawa la wote. Namheshimu Mwalimu, shule iliyonisomesha ililetwa na vijiji vile. Ila ukweli unabaki kwamba sheria ya Marekani ilimwambia mkulima lala kwenye shamba lako ndipo liwe lako, na ya kwetu ikamwambia toka shambani kwako ulale na wenzako. Wa kule aliteseka kwa upweke, jirani yupo nusu maili au zaidi na theluji imefunga njia. Wa kwetu alipata majirani na zahanati, akapoteza alichokuwa amekijenga.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kuwaita wazee wetu wavivu mkiwa mmekaa kwenye makochi ya Omaha.

Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 tunayo hati ya hakimiliki ya kimila, na sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunatuma pesa za bati, saruji na harusi, lakini hatuulizi kama kijiji kimepimwa au kama shamba la wazee lina karatasi. Mzee akifariki, majirani waliojua mipaka nao wakifariki, kinachobaki ni kesi baraza la ardhi, na mara nyingi anayefukuzwa ni mjane.

Sehemu iliyobaki kwetu Isimani ni ekari chache na udongo wake umechoka. Bibi yangu bado yupo, anaijua mipaka yote. Nimewaambia wadogo zangu kwamba pesa za mwaka huu si za ukuta. Ni za kufuatilia hati pale halmashauri ya kijiji, majirani wa mipaka waitwe waweke sahihi wakiwa hai, na jina la kwanza kwenye fomu liwe la bibi.