Engaruka: mifereji iliyohukumiwa kwa hekta

Engaruka, magofu ya makazi na mashamba ya kale kaskazini mwa Tanzania, ikitajwa katika mijadala ya umwagiliaji wa asili, mara nyingi hutajwa kama onyo. Wakulima walioishi chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, huko Monduli, kuanzia karne ya 15, walichimba mifereji, wakalima mtama, wakaichosha ardhi, maji yakapungua, wakahama. Mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer alipopita mwaka 1883 alikuta magofu.

Hoja hiyo ina mashiko. Baadhi ya mifereji inaanzia kwenye makorongo ambayo leo hukauka kiangazi, na kwamba makazi yalihamwa halina ubishi.

Ila ushahidi unaoegemewa zaidi ni ukubwa wa mashamba: takriban hekta 2,000 zilizogawanywa kwa mistari ya mawe. Mtu anazichukua hekta hizo, anazilinganisha na mto wa leo, anaona maji hayatoshi, anahitimisha kwamba zamani yalikuwa tele kisha yakakauka. Mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935, alihesabu nyumba kwa mtindo huohuo akakadiria watu 30,000 hadi 40,000. Waliomfuata wameishusha sana idadi hiyo, kwa kuwa hakuna kinachoonyesha kwamba nyumba zote zilikaliwa wakati mmoja, wala kwamba mashamba yote yalimwagiliwa msimu mmoja. Hekta 2,000 ni jumla ya kazi ya miaka kama 300. Mfereji ukiachwa upande huu na mwingine ukafunguliwa kule, mawe ya ule wa kwanza hayaondoki. Yanabaki palepale, na sisi tunayahesabu kana kwamba maji yalikuwa yakipita kote. Eneo lile ukiligawa kwa vizazi vilivyolilima, pengo kati ya mashamba na mto linapungua mno. Hukumu nzima ya kukauka kwa maji inaning'inia kwenye pengo hilo.

Uchimbaji wa wanaakiolojia umeleta jambo zito zaidi. Baadhi ya mashamba hayakuwapo kabla ya mifereji. Maji yalibeba tope, kuta za mawe zikalinasa, tabaka juu ya tabaka, mpaka pakapatikana pa kulima. Hapo hata wanaoisifu Engaruka kama mfano wa kuhifadhi udongo wapunguze sauti, maana udongo ule ulimomonyoka kwingine. Lakini watu waliotengeneza shamba kwa tope na kuwarithisha wajukuu hawastahili kuambiwa waliichosha ardhi mpaka udongo wenyewe utoe ushahidi.

Wasonjo, jamii ya wakulima upande wa magharibi wa Ziwa Natron, bado wanagawana maji ya mifereji kwa zamu chini ya wazee wao. Anayewaambia kwamba Engaruka ilikwishaonyesha mwisho wa njia yao anawapa hofu ambayo magofu hayajaithibitisha.

Tangu mwaka 2018 magofu hayo yamo ndani ya Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, eneo lenye urithi wa kijiolojia linalotambuliwa na UNESCO, na hilo ni jema. Tatizo ni kwamba macho ya wengi yako kwenye mawe. Wakazi wa Engaruka ya leo wana haki ya kulima na kula, na mazungumzo ya wapi walime lazima yaanze na wao. Yaanze pia na kuelewa kwamba trekta likipita kati ya mistari ya mawe bila kugusa hata jiwe moja, linavuruga zile tabaka za tope zinazoweza kutuambia shamba lipi lilimwagiliwa lini.