Kabla ya bahasha, nauli ya dada

Kila Desemba sisi Wachaga tunapanda kwenda nyumbani, Kilimanjaro. Ikifika tarehe 20 hivi, mabasi ya Moshi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, hayana nafasi, na kule nyumbani mbuzi wa ndafu, wa kuchomwa mzima, ameshatengwa. Tunasema tunakwenda kushukuru: mwaka umeisha salama, wazazi wapo, watoto wanaijua migomba ya babu yao.

Miaka mitatu mfululizo tulipanda na dada wetu wa kazi. Niliona ni upendo, ale Krismasi na familia. Lakini aliamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, akapikia watu zaidi ya ishirini, na usiku sisi tukipiga soga yeye yuko kwenye vyombo. Kwao ni Singida. Jioni moja mama yangu akamuuliza jikoni, "Mwanangu, mama yako ulimwona lini?" Akanyamaza, akaendelea kusugua sufuria. Nilikuwa mlangoni. Swali lile halijaniacha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 yenye malipo, na akifanya kazi siku ya sikukuu hulipwa mara mbili. Dada wa kazi ni mfanyakazi. Kwa hiyo kile kitenge na bahasha niliyompa kila Boxing Day, nikajiona mkarimu, havikufikia hata nusu ya deni. Na siku hiyo yenyewe, kule Uingereza ilikotoka, ilikuwa ya mabwana kuwapa watumishi zawadi na ruhusa ya kwenda kwa ndugu zao!

Mwezi huu wengi tunapeleka mchele, mafuta na sabuni kwenye vituo vya yatima. Tupeleke, ni jambo jema kabisa. Ila mlinzi wa getini naye awe ameshapata mshahara wake, mapema, maana Januari ya ada na sare inamsubiri kama inavyotusubiri sisi.

Mwaka jana dada aliondoka tarehe 18 na mshahara wake, nauli ya kwenda na kurudi, sukari, na doti ya khanga ya mama yake. Vyombo tuliosha wenyewe, kaka zangu wakiwemo. Krismasi jioni akapiga simu, akampa mama yake tusalimiane.

"Asante kwa kuniletea mtoto," mama akasema. Kisha akauliza, "Na nyie huko, nani anawapikia?"