Kamera ndogo ya kwanza: soma lenzi, achana na megapikseli

Kama tayari una simu inayopiga picha vizuri, kamera ndogo ya mfukoni inaweza kukuongezea mambo matatu tu: zumu ya kweli, flashi ya kweli, na betri ambayo haigombaniwi na simu zako na WhatsApp. Kamera isiyokupa hata moja kati ya hayo ni fedha iliyotupwa ziwani. Na kamera za namna hiyo ndizo zinazotangazwa kwa wingi mitandaoni siku hizi: kiboksi kipya chenye rangi ya kuvutia, kimeandikwa megapikseli 48 (yaani nukta milioni 48 za picha) na zumu 16X, na bei yake inamfanya mtu aone amepata bahati. Ushauri wangu kwa anayeanza hapa Mwanza ni kukwepa hicho kiboksi hata ukikipata kwa nusu bei, na kununua kamera iliyotumika ya kampuni inayojulikana.

Sababu iko ndani ya kiboksi. Vingi kati ya hivyo vina kihisi kidogo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, na lenzi iliyofungwa kwenye umbali mmoja isiyoweza kufokasi. Hizo megapikseli 48 zinatokana na programu inayoitanua picha ndogo. Zumu 16X nayo ni kukata katikati ya picha na kuikuza, jambo ambalo vidole vyako viwili tayari vinalifanya kwenye skrini ya simu.

Namna ya kuitambua zumu ya kweli haihitaji utaalamu. Soma maandishi yaliyozunguka lenzi. Kamera yenye zumu ya kweli huandika urefu wa fokasi, yaani namba inayoonyesha lenzi inavuta kiasi gani, wa mwanzo na wa mwisho, kwa mfano 5.0–40.0mm. Gawa namba kubwa kwa ndogo: 40 kwa 5 ni 8, basi zumu ni ya mara 8. Ukikuta namba moja tu na bado muuzaji anasema zumu 16X, rudisha mezani. (Zipo kamera nzuri sana zenye lenzi ya urefu mmoja, kama Ricoh GR III, lakini hizo hazidai kuwa na zumu.)

Pembeni ya namba hizo kuna nyingine, mathalani 1:3.2–6.9, na hizi ndizo wanunuzi wengi huziruka. Zinaeleza ukubwa wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Lenzi ya 3.2–6.9 ukiivuta mpaka mwisho inapoteza mwanga zaidi ya mara nne. Ndiyo maana mtu anayevuta zumu saa kumi na mbili jioni akiwa Capri Point, ufukweni mwa Ziwa Victoria, anapata mtumbwi uliotikisika na umejaa chenga, kisha anailaumu mikono yake.

Ukubwa wa kihisi nao una uzito wake. Kamera ndogo nyingi zina kihisi kinachoitwa 1/2.3, chenye upana wa milimita 6.2 na kimo cha 4.6 hivi. Kihisi kinachoitwa cha inchi 1 (ni jina tu, si kipimo) kina milimita 13.2 kwa 8.8, karibu mara nne ya eneo la kile kidogo. Tofauti hiyo inaonekana ndani ya nyumba, ukumbini na jioni. Megapikseli hazikusaidii hapo. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inayosafishwa studio inahitaji megapikseli 2 na kidogo, na karatasi nzima ya A4 inahitaji kama 9. Kamera yoyote ya miaka kumi iliyopita inazivuka.

Za kihisi cha inchi 1 zinazopatikana zikiwa zimetumika ni kama Sony RX100 ya mwaka 2012, ambayo lenzi yake ni 10.4–37.1mm yenye tundu la 1.8–4.9, Canon PowerShot G7 X ya 2014, na Panasonic TZ100 ya 2016. Mwenye kupiga sherehe na watu jioni ningempa G7 X, kwa kuwa tundu lake linabaki 2.8 hata zumu ikivutwa yote. Anayetaka ndege na mawe ya kisiwa cha Saanane kutoka mbali atafurahia TZ100, akijua kwamba mwisho wa zumu yake kuna 5.9 na anahitaji jua. Anayeshinda ndani ya mtumbwi achukue kamera isiyoingiza maji kama Olympus TG-6: kihisi chake ni kile kidogo, lakini lenzi haichomozi nje na inavumilia kina cha mita 15. Fedha ikiwa chache kabisa, Canon IXUS iliyotumika inafanya kazi ya kutosha mchana. Usiidai usiku.

Unapoishika iliyotumika, usiridhike na kuona skrini inawaka. Iwashe na kuizima mara kumi ukisikiliza lenzi inavyotoka na kurudi. Mlio wa kusaga, kama wa mchanga kwenye meno, mara nyingi ni mchanga kweli, na ndio unaoua kamera nyingi za aina hii. Vuta zumu yote, piga anga jeupe au ukuta mweupe, kisha tafuta madoa ya kijivu. Hilo ni vumbi lililofika kwenye kihisi, na kwa kuwa lenzi haivuliwi huwezi kulisafisha mwenyewe. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, usimame wima mbele yake upige: upande mmoja ukisomeka na mwingine ukawa ukungu, lenzi imepinda, na huenda kamera ilianguka. Jaribu flashi. Angalia kama mlango wa betri unafunga bila kushikiliwa, na kama chaja ni yake. Fungua menyu pia, kwa sababu baadhi ya kamera zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani, hasa za Sony, zina menyu ya Kijapani peke yake na huwezi kuibadilisha. Muuzaji akikuambia "fundi atairekebisha lenzi", fahamu kwamba kwa kamera hizi lenzi hubadilishwa nzima, na gharama hukaribia bei ya kamera nyingine.

Memori kadi ni mtego mwingine. Kamera za zamani zilizoandikwa SD tu hazisomi zaidi ya GB 2, za SDHC huishia GB 32, na kadi ya GB 64 inahitaji kamera yenye alama ya SDXC. Kwa anayeanza, GB 16 au 32 ya Class 10 (daraja la kasi ya kuandika) inatosha. Kadi bandia zipo tele: imeandikwa 64, ndani ina 8, na picha zako zinaandikwa juu ya nyingine bila onyo. Ijaze mafaili mpaka mwisho kwenye kompyuta kisha ufungue ya mwishomwisho, au tumia programu ya H2testw. Kadi ikishapita mtihani, ifomati ndani ya kamera yenyewe. Na kamera ikikataa kupiga huku ikisema kadi imefungwa, tazama kile kiswichi kidogo cha pembeni kabla hujaenda kwa fundi.

Sasa matumizi. Wengi huambiwa wajifunze modi ya M, ya kupanga kila kitu mwenyewe, ndipo waitwe wapiga picha. Sikubaliani. Weka P na ubaki hapo miezi ya mwanzo. Kamera itapanga tundu na shata (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia), wewe utabaki na kitufe kimoja chenye maana kuliko vyote, kile chenye alama ya +/-, kinachoongeza au kupunguza mwanga wa picha. Kwenye AUTO kitufe hicho kwa kawaida hakifanyi kazi, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kuikimbia AUTO.

Kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani, wa kijivu. Msimamishe mtu mbele ya ziwa linalong'aa: kamera inaona mwanga mwingi, inaupunguza, na uso unakuwa mweusi usiotambulika. Weka +1. Dagaa walioanikwa juani, au kanzu nyeupe iliyojaza picha, vitatoka kijivu: weka +0.7. Kinyume chake, mtu mwenye ngozi nyeusi aliyekaa mbele ya ukuta wenye giza ataongezewa mwanga kupita kiasi mpaka ngozi ipauke kama iliyopakwa majivu. Hapo weka −0.7, na rangi yake halisi itarudi. Nimeona watu wakinunua kamera mpya kwa tatizo ambalo kitufe hiki kingelimaliza.

Kubonyeza nako kuna utaratibu. Bonyeza nusu, subiri kisanduku kigeuke kijani, soma namba ya shata chini ya skrini, ndipo umalizie. Ukikandamiza kwa mkupuo mmoja unapata fokasi popote ilipoangukia, na mkono unatikisika. Namba ikiwa 1/30 (sehemu ya sekunde) na mtu anatembea, picha itakuwa na ukungu hata kama kamera ina kizuia mtikisiko, maana hicho hutuliza mkono wako tu. Kwa watu wanaotembea tafuta 1/250, na kwenye mtumbwi wa injini usishuke chini ya 1/500. Picha ya karibu sana, ya samaki mkononi au kamba ya nyavu, weka alama ya ua na urudishe zumu mwanzo kabisa. RX100 kwa mfano inafokasi kwa sentimita 5 zumu ikiwa mwanzo, lakini ukiivuta yote inataka sentimita 55.

Mchana wa Mwanza jua liko utosini kati ya saa sita na saa nane, na macho ya watu yanageuka mashimo meusi, hasa chini ya kofia. Hapo ndipo flashi ina kazi, ingawa wengi huiwasha usiku tu. Chagua ile ya lazima, alama ya radi isiyo na herufi A, usimame mita 2 au 3 kutoka kwa mtu. Zaidi ya mita 4 mwanga wa flashi hizi ndogo hupungua sana. Wadudu wa ziwa wakitoka kwa wingi, au vumbi likiwa jingi, izime: iko karibu mno na lenzi, kila chembe itang'aa na picha itajaa vidoti vyeupe.

Jioni inabidi uwahi. Tuko karibu na ikweta, jua linashuka karibu wima. Huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, kutegemea mwezi, na mwanga mzuri wa dhahabu ni dakika 40 hivi za mwisho. Likishazama, giza linafika ndani ya nusu saa. Kwa Jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani, likiwa kivuli mbele ya machweo, weka −1 na ufokasi kwenye ukingo wa jiwe, usilenge jua.

Usiku, taa za wavuvi wa dagaa zinapigika na kamera ndogo yoyote inayoruhusu shata ya sekunde 8 hadi 15. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri, ila mji huu umejaa mawe. Laza kamera juu ya jiwe, iinamishe kwa kitambaa kilichokunjwa, weka ISO (kiwango cha kamera kuukuza mwanga) ya chini kabisa, zima flashi, weka kipima muda cha sekunde 2 na uondoe mkono. Mitumbwi inayumba, kwa hiyo taa zitachora vistari badala ya nukta. Ukitaka nukta, pandisha ISO mpaka 1600 na ushushe muda hadi sekunde 1.

Katika utunzaji, adui ni mchanga zaidi kuliko maji. Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki na dagaa, usiache lenzi ikiwa imechomoza unapozungumza na watu, na usiitumbukize kamera mfukoni kabla lenzi haijarudi yote. Kufuta lenzi kwa ncha ya fulana ni kuisugua kwa mchanga: pulizia kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha tumia kitambaa cha miwani. Ikilowa, toa betri na kadi mara moja, usiijaribu kuiwasha, na uiweke siku mbili kwenye chombo chenye kifuniko na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele uache jikoni, unga wake unaingia kwenye lenzi. Wenye TG-6 wakague mpira wa milango kila kabla ya kuingia majini. Unywele mmoja unatosha kuingiza maji, na mtengenezaji anashauri mpira ubadilishwe kila mwaka.

Kabla ya kupiga vivuko, bandari au Daraja la Kigongo–Busisi kwa karibu, muulize mlinzi. Mwaloni, muulize mwenye samaki, na ukimuahidi picha umpelekee. Ukiituma kwa WhatsApp ichague kama faili la waraka, kwa sababu ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na hatapata kitu cha maana cha kusafisha studio.