Wakili mara mbili, usajili mara mbili: ada za mkopo wa nyumba zinajirudia kweli?

Kwenye karatasi ya ada za mkopo wa nyumba, mstari wa nne umeandikwa "tathmini". Wa kumi na moja, "ukaguzi wa jengo". Katikati kuna "wakili", na chini kidogo "wakili wa benki". Usajili upo mara mbili, bima nayo mara mbili. Mnunuzi ambaye keshalipa malipo ya awali anapitisha kidole kwenye karatasi hiyo, na wazo la kwanza linalomjia ni kwamba kuna mtu anakula mara mbili. Akiuliza, anaambiwa: ndio utaratibu. Jibu hilo ni la kweli, ila halijamweleza chochote.

Kinachosahaulika ni kwamba mnunuzi wa mkopo anafanya biashara mbili kwa wakati mmoja. Muuzaji anamuuzia nyumba, benki inamkopesha fedha. Usajili wa kwanza unahamisha umiliki kutoka jina la muuzaji kuja lake. Wa pili unaandika rehani, ili akishindwa kulipa benki iwe na cha kushika. Angenunua kwa fedha taslimu, huo wa pili usingekuwepo kabisa. Mimi huanza na kipimo hichohicho kwa kila mstari: ukiuondoa mkopo, ada hii inabaki? Bima zinajieleza hapo hapo. Ya moto inalinda jengo, ya maisha inamaliza deni mkopaji akifariki.

Tathmini na ukaguzi ndipo watu wanapojiumiza. Mthamini anatafuta jibu la swali la benki: tukilazimika kuiuza nyumba hii, tutapata kiasi gani? Anaweza kuzunguka nusu saa, akapiga picha, akaondoka bila kuchungulia darini. Mkaguzi ndiye anayepanda kutazama mbao za paa, anayegusa ukuta kusikia unyevu, anayefuata ufa hadi kwenye msingi. Mnunuzi anayefuta ukaguzi kwa sababu "tathmini imeshafanyika" anaokoa ada moja na kujitwika paa bovu.

Kwa mawakili hoja inagawanyika. Benki inasema, na ina haki, kwamba wakili wako akikosea ni wewe unayeweza kumdai. Yenyewe inataka mtu inayeweza kumbana. Isitoshe, mkataba wa mkopo ukiwa na kipengele kinachokukandamiza, wakili anayewatumikia nyote wawili atakuwa upande wa nani? Sawa. Lakini mawakili hao wote huenda kwenye sajili ileile ya ardhi, wakapekua hati ileile, wakarudi na majibu yaleyale, na bili zote mbili zikakuangukia. Nakubali sababu ya kuwa na mawakili wawili. Sababu ya mtu mmoja kuwalipa wote ni nyepesi zaidi: benki ndiyo yenye fedha, na wewe ndiye unayezihitaji.

Uvumilivu wangu unaishia kwenye ada zinazokwenda mfuko mmoja kwa majina tofauti: ada ya maombi, ya kushughulikia mkopo, ya kuandaa nyaraka, ya usimamizi. Utetezi upo. Kupokea na kuchunguza maombi kuna gharama zake, na zikifichwa ndani ya riba, anayemaliza mkopo mapema atawaachia wengine mzigo wake. Hoja nzuri, ila inatosha kuhalalisha ada moja. Ikikatwa vipande vinne, kinachofaidika ni tangazo, kwa sababu riba inabaki kuonekana ndogo huku bei halisi ya mkopo ikiwa imetawanyika kwenye karatasi nyingine. Ndiyo maana swali la kuiuliza benki ni kiwango cha mwaka chenye riba na ada zote ndani yake. Hicho ndicho unachoweza kukilinganisha na cha benki ya jirani.

Na tahadhari na ile sentensi tamu, "usijali, tutaijumlisha kwenye mkopo." Kwa riba ya asilimia 12 kwa miaka 20, ada ya 100 iliyojumlishwa hivyo itakuwa imekugharimu takriban 264 hadi unamaliza.

Sheria nayo haifiki kila kona. Marekani ina sheria ya tangu 1974 inayokataza watu kugawana ada za mkopo wa nyumba bila kazi kufanyika. Wakopaji fulani walidai wametozwa ada ya kupunguziwa riba na riba haikupungua. Mwaka 2012, katika kesi ya Freeman dhidi ya Quicken Loans, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kifungu walichokitegemea kinahusu ada iliyogawanwa kati ya watu wawili au zaidi. Mtozaji mmoja akibaki nayo yote, kifungu hicho hakimgusi, hata kama hakuifanyia kazi.

Palipo na nafasi ya kupunguza ni pale kazi moja inapofanywa mara mbili, na hapo muda ndio kila kitu. Tuseme ulishalipia tathmini yako kabla ya kwenda benki. Uliza kama mthamini huyo yumo kwenye orodha yao, na kama watapokea barua yake fupi inayosema benki nayo inaweza kuitegemea ripoti ileile. Baadhi hukubali. Uliza kabla mthamini wa pili hajafika getini na futi yake. Akishapima, ada imeshaiva.