Noah ya Baba Mdogo na Mayai Mawili

Noah za zamani injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo geji ya kwanza ya joto ni makalio ya abiria. Tulipopita njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mzee aliyekaa pembeni yangu, msemaji wetu kwenye shughuli ya mahari, alianza kujigeuzageuza.

"Kijana, kiti kimepata moto."

Baba mdogo akajibu kutoka nyuma kwamba Noah zote ndivyo zilivyo. Mshale wa dashibodi nao ulikuwa umetulia katikati, wala hauna habari. Usiuamini sana: maji yakipungua, sensa inabaki hewani na kusoma inavyojisikia.

Tulipofika kijiji cha Maji ya Chai, gari likachemsha. Wazee watano wenye suti wakashuka, na kila mmoja akawa fundi. Wa kwanza alisema ni plagi. Msemaji alikunja leso, akaelekea kwenye mfuniko wa rejeta. Nikamshika mkono, heshima baadaye. Mfuniko ule umeandikwa 0.9, yaani unashikilia presha ya bar 0.9 juu ya ile ya hewa, ndiyo maana maji hayachemki hata yakivuka nyuzi 110. Pale Maji ya Chai, bila presha, yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Ukifungua gari likiwa la moto, yanageuka mvuke papo hapo, na uso ulioinama juu yake ni wako. Subiri mpaka hosi ya juu ya rejeta ishikike kwa mkono mtupu. Na usimwagie injini maji baridi kuiharakisha. Hedi, yaani kichwa cha injini, ikipinda, mahari yenyewe haitoshi kuilipia.

Hapo ndipo baba mdogo alipokumbuka kuniambia: "Mwanangu, mbona huwa inakunywa nusu lita tu kila asubuhi?"

Gari halinywi maji. Mfumo umefungwa, kinachopungua kimetoka. Kama linapolala hakuna tone, basi maji yanadondokea mahali pa moto na kukauka njiani, au yanaingia ndani ya injini, na hapo utaona moshi mweupe usioisha, mapovu kwenye rejeta injini ikiunguruma, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Yakivujia kwenye hita, kapeti linalowa na ndani kunanukia utamutamu. Lakini yale maji safi yanayodondoka ukiwasha AC yaache, hayo ni ya AC.

Nikaenda kuomba maji na dumu. Niliporudi, injini ilikuwa imepoa, baba mdogo anajifuta vidole, na kando ya barabara kuna maganda mawili ya mayai.

"Yanaziba," akasema. "Tulifanya hivi tangu enzi za Land Rover."

Ni kweli yanaziba. Shida ni kwamba hayachagui tundu. Ute unaanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, na themostati ya gari lile, kile kilango kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, inafunguka kwenye 82. Kwa maneno mengine, yai linaiva kwanza, ndipo linaruhusiwa kwenda kutembelea rejeta, ambayo mirija yake ni myembamba kuliko penseli.

Tukafika Tengeru. Msemaji akiwa ndiyo kwanza anawaamkia wakwe, chupa ya akiba ikakohoa na kumwaga uani povu la waridi lenye vipande vya yai. Kuku wakaja mbio. Nikawafukuza nikiwa na tai shingoni, kwa sababu kulanti, yaani yale maji ya rangi ya kupozea injini, ni tamu na ni sumu, iwe kwa kuku, mbwa au mtoto. Wenyeji walidhani ni mila za kwetu.

Kazi yenyewe ilifanyika Moshi, injini ikiwa baridi. Niliazima pampu ya kupimia, ile inayofungwa mahali pa mfuniko, nikajaza maji, nikapandisha hadi 0.9, si zaidi. Ukizidisha unatoboa kilichokuwa kizima. Ukiiacha robo saa mshale usishuke, mfumo uko salama. Wetu ulishuka nikiutazama. Ukipima hivyo, fuata michirizi: kulanti ikikauka inaacha ukoko wa waridi au mweupe, maji matupu yanaacha kutu. Chungulia pia tundu dogo chini ya wotapampu. Likiloa, sili imekufa, badilisha pampu nzima.

Ukoko ulinipeleka kwenye hosi ya hita, juu kidogo ya ekzosi. Mahali pa klampu, kile kibano cha kukazia hosi, palikuwa na waya wa kufungia uzio, umekazwa kwa koleo hadi umekata mpira. Maji yalikuwa yanadondokea bomba la moto na kupotea. Hosi mpya ya milimita 16, ya hita, siyo ya petroli wala ya bustani. Safisha mdomo wa bomba kwa msasa, vusha klampu nyuma ya ukingo uliotuna, kaza mpaka mpira uanze kubonyea, acha.

Hosi ilichukua muda mfupi. Mayai ndiyo yalikula siku. Nilitoa themostati, nikasukuma maji kinyume kupitia rejeta mpaka yakatoka bila vipande. Kiini kilikuwa kimeigandisha themostati ikiwa nusu wazi. Nikaisugua na kuichemsha kwenye sufuria ya mama mdogo pamoja na kipimajoto; ikikataa kufunguka ifikapo 82 au juu kidogo, itupe. Ilifunguka. Sufuria haijarudi jikoni, na mimi bado sijakaribishwa mtori.

Mwisho kulanti na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu, maana ya bomba yana chumvi zinazoganda ndani. Hita kwenye moto kabisa, mfuniko wazi, injini inaunguruma, unaminya hosi na kuongeza mpaka mapovu yaishe.

Baba mdogo alisimama pembeni muda wote, mikono nyuma. Anashikilia kuwa kosa ni mayai ya kisasa. Angepata ya kienyeji, anasema, tungefika hadi Karatu.