Benchi la Conwy na Baraza la Pangani

Treni ipitayo pwani ya kaskazini ya Wales haisimami Conwy mpaka abiria amwambie kondakta kwamba anashuka hapo. Jambo hilo lilinigusa, kwa sababu nimekulia Pangani, kwenye pwani ya Tanzania, ambako gari humsimamia mtu popote alipo, na miaka yangu ya Liverpool ilikuwa imenizoesha kuamini kwamba huku mtu ndiye anayelisubiri gari. Nilishuka saa nne asubuhi, Jumamosi ya mwanzoni mwa Oktoba, bila ratiba wala mwenyeji, nikiwa na chupa ya chai na siku nzima ya kutembea.

Conwy ni mji mdogo uliokaa kwenye mlango wa mto wenye jina hilohilo, kama Pangani ilivyokaa kwenye mlango wa mto wake. Ngome yake na ukuta unaouzunguka mji vilijengwa kati ya mwaka 1283 na 1287 kwa amri ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, aliyetaka kuwatiisha Wawelishi, na ndani ya ukuta huo wakaletwa walowezi wa Kiingereza wakae badala ya wenyeji. Sisi tunalo boma la Wajerumani, na tunajua Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya kuwapinga Wajerumani, alinyongwa Pangani mwaka 1889, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mawe yale yalimaanisha nini kwa waliokuwa nje yake. Leo taasisi inayotunza ngome hiyo inaitwa Cadw, neno la Kiwelishi lenye maana ya kutunza, na lugha iliyofungiwa nje ya lango imeandikwa kwenye kila kibao na hata juu ya lami, ambako dereva husomeshwa neno ARAF, yaani polepole.

Kuingia ngomeni ni kwa kulipa, lakini kupanda ukutani ni bure. Ukuta una urefu wa kilomita 1.3 na minara 21, na nilitembea juu yake taratibu huku nikitazama nyua za watu chini: shuka zimeanikwa, baiskeli ya mtoto imelazwa majanini, moshi unatoka kwenye bomba la jiko. Ngome na ukuta huu ni urithi wa dunia tangu mwaka 1986, na bado watu wanafua nguo zao ndani yake. Hilo ndilo lililonipendeza kuliko minara.

Gatini nilipita mbele ya nyumba nyekundu yenye upana wa mita 1.8, inayohesabiwa kuwa ndogo kuliko zote Britania, ambayo mtu aliishi humo mpaka mwaka 1900. Nilikawia zaidi kwa wavuvi wa kome, ambao hadi leo huwakwangua kutoka chini ya mto kwa mkono, wakitumia reki zenye mipini mirefu sana. Bahari ya huku hupwa na kujaa kuliko yetu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, tofauti hukaribia mita 7, ilhali kwetu hufika kama mita 4. Nilipowaona wamesimama kwenye mashua wakingoja maji yapungue, niliwakumbuka mama zetu wanaoingia pwani na vikapu vyao kwa kuhesabu siku za mwezi.

Alasiri nilikaa kwenye benchi la mbao linalotazama maji. Kwenye egemeo lake palipigiliwa kibati cha shaba chenye ukubwa wa kiganja, kimechorwa jina la mtu, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, na maneno machache ya kusema kwamba alipapenda mahali hapa. Pembeni shaba imeliwa na chumvi, lakini pale migongo ya watu inapogusa inang'aa. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu alikuja kukaa upande wa pili, tukasalimiana kwa habari za upepo, kisha tukanyamaza pamoja kwa karibu nusu saa. Alipoinuka kuondoka alikipangusa kibati kile kwa kitambaa, wala hakuniambia lolote, nami sikumuuliza.

Nilipotafakari niliona kwamba jambo hili si geni kwetu hata kidogo, kwani lina jina, nalo ni wakfu. Wazee wa pwani yetu waliweka wakfu visima, misikiti na mashamba ya minazi ili thawabu iendelee baada yao, na mwenye nyumba alijenga baraza mbele ya mlango ili hata asiyemjua apate pa kupumzika. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wa ughaibuni wanaosema kwamba miji ya huku inapendeza kwa sababu ya fedha tu. Baraza la saruji la kukalia watu 8 haliwezi kuzidi gharama ya chakula cha harusi moja, nasi harusi tunazifanya kila mwezi.

Sheria pia tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani, njia niliyopita utotoni kwenda kuogelea niliikuta imezibwa na ukuta wa hoteli, na mlinzi akaniuliza ninamtafuta nani. Wales ilifungua mwaka 2012 njia ya miguu inayofuata pwani yake kwa kilomita 1,400, na inapita Conwy. Hakuna aliyeniuliza chochote.

Ni kweli kwamba ningekaa nusu saa gatini Pangani, ningekwisha kupewa kahawa na kuulizwa habari za watoto kwa majina yao, na hilo Conwy haina. Lakini ukarimu huo unahitaji mahali pa kukaa, na mahali hapo panapungua.

Kwa hiyo nimewaandikia ndugu zangu tumchangie marehemu mama baraza kando ya mto, karibu na kivuko, watu wanaosubiri kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, wapate kukaa. Mjomba amejibu kwamba lielekee mtoni, na lijengwe upande wa mashariki wa mti wa mkungu ili kivuli kilifikie kuanzia alasiri, wakati watu ni wengi.