Nani Ajulishwe?

Usiku nilipokamatwa hapa Uingereza, kwa tuhuma iliyofutwa baadaye, afisa wa zamu alipokea simu yangu na mkanda wangu, kisha akaniuliza ni nani ningependa ajulishwe kwamba niko pale. Nilimtaja mke wangu, lakini hakupokea kwa kuwa alikuwa kazini. Afisa akaandika saa aliyopiga, akaniomba jina jingine, na kabla ya alfajiri mzee wa kanisa letu alikuwa amepata habari. Haki hiyo imo katika sheria ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984, nayo haimgharimu mahabusu chochote.

Mdogo wangu alipokamatwa Kampala, hatukuambiwa na mtu. Simu yake ilizimwa, na Mama akapanda basi la usiku kutoka Arua akiwa na chupa ya chai na chapati alizozifunga kwa kitambaa, akawa anazunguka kituo kimoja baada ya kingine. Kila kaunta daftari lilifunguliwa, likafungwa, akaambiwa hayupo. Mama anakisema vizuri Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya polisi wetu, kwa hiyo hakuna asiyemwelewa. Siku ya tatu kijana asiyetujua, aliyekuwa ameachiliwa kutoka seli hiyohiyo, alimpigia kwa namba aliyoikariri kichwani kutoka kwa mdogo wangu. Alikuwa katika kituo cha pili, palepale Mama alipoambiwa hayupo.

Wenzangu wa ughaibuni husema Uganda haina sheria ya jambo hili, nami siafiki. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka ndugu wa aliyekamatwa wajulishwe mapema iwezekanavyo, waruhusiwe kumfikia pamoja na mwanasheria na daktari wake, na yeye afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Hata Uingereza polisi wanaweza kuchelewesha taarifa hadi saa 36 kwa makosa mazito, ila ni lazima inspekta au mkubwa wake aidhinishe na sababu iandikwe.

Panaponiuma ni maneno matatu ya ibara yetu: kwa ombi lake. Ndugu hujulishwa ikiwa aliyekamatwa ameomba, na mtu aliyetoka kupigwa kofi, asiyejua kama ana haki ya kusema lolote, haombi. Huku Uingereza si yeye anayeanza. Afisa ndiye anayeuliza, na jibu linabaki kwenye kumbukumbu, hata likiwa ni hapana. Ningependa Bunge letu limwekee afisa wa zamu wajibu huohuo: aulize, aandike jina, namba na saa aliyopiga, kisha mahabusu atie saini. Kazi hiyo haihitaji mitambo wala fedha za wafadhili, kwa maana daftari tayari liko kaunta.

Mama alipomfikia mdogo wangu, chapati zilikuwa zimekauka. Alizila zote mbele yake, na Mama hakuondoka kwenye benchi lile mpaka alipopewa dhamana.